Muda wa Kiongozi Uandikwe Kabla ya Shangwe

Jamii yoyote inayoishi pamoja na jamii nyingine huhitaji chombo cha kuisemea mbele ya Serikali na mbele ya majirani. Wayahudi wa Uingereza wana baraza lao la wawakilishi, lililoanzishwa London mwaka 1760, na rais wake huchaguliwa kwa kipindi cha miaka mitatu. Muda ukiisha, awe amependwa sana au amechukiwa, kiti hurudi mikononi mwa wajumbe. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba nao wanazijua jumuiya za namna hiyo, kwa maana chama cha Afro-Shirazi kilizaliwa mwaka 1957 kutokana na kukaribiana kwa Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi.

Tunayasema haya kwa sababu vyombo vya kusemea watu vingali vingi nchini: vyama vya watu waliotoka wilaya moja, kamati za dini mbalimbali, mabaraza ya wazee, vyama vya ushirika. Karibu vyote huanza kwa furaha ya kumpata msemaji. Ni vichache vinavyoanza kwa kuuliza msemaji huyo ataondokaje. Mfano ulio wazi kuliko yote tunao hapa nchini, katika mji wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Wachagga walikuwa na mamangi wengi, kila mmoja na eneo lake, na ushindani wao ulikuwa mkali tangu kabla ya Wajerumani. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza iliweka wakuu watatu juu yao, wa Hai, Vunjo na Rombo. Watu wengi hawakuridhika. Ardhi ilikuwa imebanwa, juu msitu wa hifadhi na chini mashamba ya walowezi. Migomba na kahawa havikuwa na mahali pa kupanuka. Na kila shauri lilipopelekwa bomani lilipelekwa na sauti zilizogawanyika. Ndipo Petro Njau na wenzake wakaunda umoja wa raia wa Kilimanjaro, wakidai kiongozi mmoja aliyechaguliwa na watu. Mwaka 1951 kura zikapigwa, wakuu wote watatu wakashindwa, na Thomas Marealle wa Marangu, kijana aliyesoma Uingereza, akatawazwa Mangi Mkuu Januari 1952.

Ni haki kusema kwamba alianza vizuri. Bei ya kahawa ilikuwa juu. Baraza la Wachagga lilipata bendera, lilipata gazeti lake, Komkya, na lilipata siku yake ya kuadhimishwa kila tarehe 10 Novemba. Mwaka 1957 Marealle alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York. Kwa jamii iliyozoea kusemewa na Bwana Shauri, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini katika shangwe zile, swali la muda lilipita bila kujibiwa na wapiga kura. Watu walichagua kwa kura, kisha cheo kikawa cha maisha. Kwa hiyo malalamiko yalipoanza, kwamba madaraka yamerundikwa mahali pamoja na kwamba fahari ya kiti imezidi kazi yake, hapakuwa na mlango wa kuyapitishia. Mwanachama wa chama cha kawaida asiyeridhika husubiri mkutano mkuu. Raia wa Kilimanjaro angesubiri nini? Ikabidi kiundwe chama kizima, Chama cha Kidemokrasia cha Wachagga, kwa kusudi hasa la kutaka kiongozi awe rais wa kuchaguliwa kwa muda maalumu. Mwaka 1960 shauri hilo lilipelekwa kwa wananchi, nao wakaamua hivyo. Solomon Eliufoo wa Machame akawa Rais wa Wachagga, na Marealle akaja kufanya kazi katika Umoja wa Mataifa.

Wako wanaoisimulia habari hii kama vita kati ya usultani na demokrasia. Sisi hatuioni hivyo. Marealle naye aliingia kwa kura. Watu wale wale waliompenda mwaka 1951 wangeweza kumshukuru na kumwaga bila uadui, kama tarehe ya kuagana ingalijulikana tangu siku ya kwanza. Uchungu ulitokana na kwamba kila aliyetaka mabadiliko alilazimika kumpinga mtu, hata kama alichokusudia ni kubadili kanuni tu. (Ilivyokuwa, hata urais wenyewe haukudumu: mwaka 1963 vyeo vya machifu vilifutwa Tanganyika nzima kwa sheria.)

Mji huo huo wa Moshi unao mfano wa pili, nao unawahusu maofisa zaidi. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoundwa mwaka 1933 juu ya msingi wa chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925, kilivunjwa pamoja na vyama vikuu vingine nchini mwaka 1976, kwa amri kutoka juu. Wanachama hawakupiga kura. Ilichukua miaka sita kabla Sheria ya mwaka 1982 haijaruhusu vyama hivyo vifufuliwe. Viongozi waliondoka, ni kweli, lakini waliondoka pamoja na chombo chenyewe, na mkulima akabaki na debe lake la kahawa bila wa kumwuliza.

Twaziomba basi ofisi za wasajili, Bara na Visiwani, zinapoletewa katiba ya chama cha aina hii, ziache kuridhika na majina ya viongozi na anwani ya posta. Zitafute kifungu cha muda. Zitafute nani hukabidhi vitabu vya hesabu, muhuri na saini za benki, kwa nani, na ndani ya siku ngapi. Zitafute pia anayeondoka anastahili nini, maana mzee anayehofia kurudi nyumbani mikono mitupu haachii kiti. Kifungu hicho kikikosekana, katiba irudishwe kwa wenyewe wakaiandike upya. Lakini jina la mrithi si kazi ya ofisa kulipendekeza.