Nyumba Iliyokuwa Makao, Kisha Ikapangishwa

Tumeletewa swali na msomaji wetu wa Mombasa. Anayo nyumba aliyokaa na wanawe miaka mingi. Kisha akahama akaipangisha kwa miaka sita, na sasa ataka kuiuza. Auliza: Serikali ina haki gani humo, na Zaka je? Tena dalali amemshauri aandike kwamba angali anakaa humo.

Twaanza na la Serikali. Sheria ya Kenya hutoza kodi juu ya faida ya kuuza mali, nayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15; kabla ya hapo ilikuwa asilimia 5. Nyumba ya makao imesamehewa, lakini kwa sharti kuwa mwenyewe amekaa humo mfululizo miaka mitatu iliyo kabla tu ya kuuza. Miaka ya nyuma yake, hata ikiwa ishirini, haitazamwi. Basi nyumba hii imekwisha kutoka katika msamaha.

Walakini kodi hii haitozwi juu ya bei yote. Mathalan mtu alinunua kwa shilingi 4,000,000, akaongeza vyumba kwa 500,000, akamlipa wakili na dalali 200,000, kisha akauza kwa 7,000,000. Faida yake ni 2,300,000, na kodi ni 345,000. Akiwa amezitupa hati za ujenzi na za malipo hayo, huenda akahesabiwa faida ya 3,000,000, akatoa 450,000. Kwa kutotunza karatasi amepoteza 105,000! Nasi ndio tusomao Al-Baqara, ambamo aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote, yahusu kuandikiana.

Ama shauri la dalali, hilo ni ushahidi wa uwongo, na mpangaji na majirani wote wajua nani alilala humo. Wako na wengine waandikao bei ndogo kuliko waliyopokea. Hao humdhulumu hata mnunuzi, kwani siku atakapouza yeye, gharama yake itahesabiwa kwa bei ile ndogo, na kodi waliyoikwepa wao itamwangukia yeye.

Tukija kwenye Zaka, nyumba ya kukaa haina Zaka, wala ya kupangisha haina Zaka katika jengo lake. Kodi ya wapangaji ikiwekwa, ikafika nisabu, nayo kwa wanazuoni wengi ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia mbili na nusu. Na kwa kuwa nyumba hii haikununuliwa kwa biashara, bei yake haitolewi Zaka siku ile ya kuuzwa, bali fedha itakayobaki mkononi mpaka mwaka utimie. Iliyokwenda Serikalini kabla ya hapo haimo tena katika mali yake. Lakini asiihesabu kuwa ndiyo Zaka, kwa sababu Zaka ina nia yake na watu wake.