Mwanafunzi Awe Hakimu wa Daftari Lake

Mwanafunzi wa Bungoma akiandika "kari" badala ya "gari", mwalimu humtia alama nyekundu, naye hulifunga daftari. Kesho huandika "kari" tena. Ni nani aliyejifunza hapo?

Kosa hilo lina asili yake. Katika Lubukusu, sauti ghuna b, d na g husikika baada ya nazali, kama katika mb, nd na ng. Huko Kitale, mtoto Msabaoti naye ametoka katika lugha isiyotenganisha maneno kwa k na g. Huo si ujinga wala uvivu. Ni sikio lililozoea mpangilio mwingine, na kalamu ya mwalimu pekee haitalizoeza upya.

Nashauri hivi: kila jioni, kwa dakika kumi, mwanafunzi asome kwa sauti aliyoyaandika, apigie mstari neno analolitilia shaka, alitafute katika kamusi, kisha alinakili ukurasa wa mwisho. Ijumaa ahesabu: yepi yamepungua, yepi yamerudi?

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi ajitathmini. Lakini walimu wenzangu, ukurasa huo tusiutoze alama. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Woga wake tusiurithi. Anayeogopa alama hataungama kosa, atalificha.

Nami, mhadhiri wa isimu, ningali na ukurasa kama huo. Wahenga walinena kuwa nyani haoni kundule. Basi tumpe mwanafunzi kioo, tusimpe fimbo.