Karani Asigeuzwe Mtawala

Mwananchi wa Kiongoroni au Maparoni aendaye ofisi za Wilaya Kibiti hasafiri kwa saa ya ukutani. Husubiri maji yajae, apande mashua hadi Nyamisati, kisha atafute gari. Akifika mezani na kuambiwa “njoo kesho”, amekwisha kuhukumiwa: nauli imekwenda, na siku ya kupalilia mpunga imepotea.

Nani aliyemhukumu? Mara nyingi ni karani; na karani hana madaraka hayo. Kazi yake ni kupokea barua, kuiandika katika daftari la masjala, kuitia katika jalada lake na kulifikisha kwa mwenye kuamua. Afisa tawala ndiye aamuaye, akatia sahihi, na akajibu yeye mwenyewe uamuzi unapoharibika. Kazi ya karani si ndogo, maana barua ikitiwa katika jalada lisilo lake hakuna mkubwa atakayeiona. Lakini ikilazwa katika mtoto wa meza, karani amekwisha kusema “hapana” pasipo kutamka neno, wala hakuna wa kuulizwa.

Lawama si ya makarani peke yao. Wapo watawala waupendao ukarani. Huhesabu mihuri, husahihisha nukta, na swali gumu huliandikia “kwa maoni yako tafadhali” ili lizunguke. Huo ndio umangimeza uliokuwa ukikemewa tangu siku za Madaraka Mikoani, mwaka 1972, na bado tunao.

Tuchukue mafuriko kama yale ya Aprili 2024, yaliyozikumba Rufiji na Kibiti. Kuorodhesha kaya ni kazi ya karani, na jina moja likirukwa kuna sufuria isiyoinjikwa. Lakini boti iende kijiji kipi kwanza? Orodha haisemi. Hapo anatakiwa mtu wa kuamua asubuhi ile ile, orodha ikiwa nusu, naye akubali kulaumiwa jioni.

Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji, watu wa delta ya kaskazini walipunguziwa safari ya Utete, ng’ambo ya mto. Safari ya kutoka meza moja hadi nyingine haikupunguzwa. Napendekeza jambo dogo: kila aletaye barua apewe hati yenye tarehe ya jibu na cheo cha afisa atakayejibu. Tarehe ikipita, mwananchi amwone afisa huyo, si karani.