Kiti cha Bunge Huanzia Darasani

Novemba 2024, habari zilipotufikia kwamba Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, amechaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la Minnesota kule Marekani, tulishangilia kana kwamba kiti kile ni cha hapa kwetu. Magazeti yaliandika, na simu zetu zilijaa pongezi. Mimi nami nilifurahi, wala sioni haya kusema hivyo. Lakini katika shangwe ile yote sikumsikia mtu akiuliza swali ambalo lingetufaa kuliko vigelegele: je, mtu wa kawaida hulifikiaje bunge kama lile? Huanzia mlango gani?

Mlango upo, na hauna bawabu. Masikitiko ni kwamba wengi wa jamaa zetu wanaoishi kule hupita mbele yake kila baada ya miaka miwili bila kuutupia jicho.

Tulieleze kwanza bunge lenyewe. Baraza lake la Wawakilishi lina wabunge 134, na Seneti ina 67. Msomaji asidhani kwamba ni bunge la kaunti lililopewa jina kubwa. Bunge la jimbo hutunga sheria za jinai, hutoza kodi, hupanga elimu na huweka masharti ya kazi. Mwakilishi huchaguliwa kwa kipindi cha miaka miwili. Mwaka 2024 ada ya kujiandikisha kuwa mgombea ilikuwa dola 100, na asiyetaka kulipa aliruhusiwa kuleta sahihi za wapiga kura badala ya fedha. Yeyote aliyewahi kulipia fomu ya uteuzi wa chama hapa Kenya na atafakari kidogo.

Basi fedha si kizuizi cha kwanza. Kinachotafutwa kwanza ni uidhinisho wa chama, na uidhinisho huo huanzia katika mkutano mdogo wa mtaa ambao wenyeji huuita kokasi. Kwa kawaida ni Jumanne moja ya Februari katika mwaka wa uchaguzi, saa moja jioni. Vyama vikubwa vyote viwili hukutana usiku huo huo, kila kimoja mahali pake, mara nyingi katika madarasa ya shule. Wakazi wa eneo la kituo kimoja cha kura huketi pamoja, huchagua viongozi wao wa mtaa, hupendekeza maazimio ya sera, kisha huchagua wajumbe. Wajumbe hao ndio waendao kwenye mkutano wa wilaya ya uchaguzi, na huko ndiko atakaye ubunge husimama mbele yao kujieleza na kuomba. Katika chama cha DFL, ambalo ndilo jina la Democratic pale Minnesota, mgombea hapati uidhinisho bila asilimia 60 ya kura za wajumbe.

Februari 2024 nilikuwa mgeni wa binamu yangu mjini Brooklyn Park, karibu na Minneapolis. Ni mji wenye Waafrika wengi, Waliberia hasa, na Wakenya wa kutosha kujaza kanisa. Jumapili moja baada ya ibada tuliketi na mama mmoja wa kanisa hilo, mtu wa heshima, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Binamu yangu alitaja kokasi ya Jumanne iliyokuwa inakuja, tarehe 27.

“Wakili, hiyo mikutano ni ya wenye nchi,” mama akaniambia.

“Kwani wewe, Mama, si mwenye nchi? Uliapa uraia lini?”

“Huu ni mwaka wa kumi na moja.”

“Na hujaenda hata mara moja?”

“Niende saa ngapi, Wakili? Jumanne naingia kazini saa tisa alasiri, natoka saa tano usiku.”

Sikuwa na la kujibu wakati ule. Lakini ugonjwa wa mawakili ni kutolala pasipo kusoma kifungu. Usiku huo nilifungua Sura ya 202A ya sheria za Minnesota, na nilichokiona kilinitia uchungu. Sheria inasema wazi kwamba mfanyakazi mwenye haki ya kuhudhuria kokasi ya chama kikubwa anaruhusiwa kuondoka kazini kwenda mkutanoni, mradi amempa mwajiri taarifa ya maandishi siku 10 kabla. Mwajiri hawezi kumwadhibu. Anachoweza kukata ni ujira wa saa zile tu ambazo mfanyakazi hakuwapo. Si hayo pekee: siku hiyo mabaraza ya miji na bodi za shule hukatazwa kufanya mikutano yao baada ya saa kumi na mbili jioni, ili mwananchi asiwe na pa kuvutwa kwingine. Jimbo limesimamisha shughuli zake ili mama yule apate nafasi ya kwenda kuketi darasani, naye kwa miaka kumi na zaidi hakuambiwa. Kanisani kwake yalitangazwa mazishi, harusi na michango. Hilo halikutangazwa.

Na kwa mwaka ule tulikuwa tumechelewa. Zilibaki siku mbili.

Jumanne nikamfuata binamu yangu, mimi nikiwa mtazamaji tu. Upepo wa baridi ulikuwa unakata masikio. Tuliingia katika darasa la watoto, tukaketi kwenye viti vidogo, magoti yakigusa kidevu. Nilitarajia kukuta wanasiasa. Nilimkuta mwalimu mstaafu, dereva wa basi, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 18 lakini angeitimiza kabla ya Novemba (sheria inamkubali), na wengine wachache. Viti vingi vilibaki vitupu. Nafasi za wajumbe zilikuwa nyingi kuliko watu waliokuwamo, kwa hiyo kila aliyetaka kuwa mjumbe alikuwa mjumbe. Binamu yangu, ambaye hajawahi kuhutubia hata mkutano wa wazazi, alitoka mle akiwa mmoja wa watu ambao kila mwenye kutaka ubunge wa eneo lile angelazimika kumpigia simu, kumsalimia kwa jina na kumsikiliza. Alichofanya ni kufika.

Wiki chache baadaye alinipigia simu kutoka mkutano wa wilaya. Alinisimulia jinsi wajumbe wanavyochaguliwa kwenda mikutano ya juu zaidi: watu huinuka na kutembea hadi pembe za ukumbi, kila pembe na hoja au mgombea wake, kisha vichwa huhesabiwa. Kundi lililo dogo mno hupewa muda wa kujiunga na jingine.

“Huo ni mlolongo!” nikapiga kelele.

“La, ndugu yangu,” akasema. “Hapa tunajihesabu wenyewe.”

Wasomaji wa rika langu na walionitangulia watanielewa kwa nini nilishtuka. Mwaka 1988 nilikuwa mtoto wa miaka 8, nikashuhudia baba yangu akisimama katika mlolongo mrefu uwanjani. Mlolongo wa pili ulikuwa mfupi, hata sisi watoto tuliweza kuuhesabu. Afisa aliyesimamia akatangaza kwamba ule mfupi ndio ulioshinda, na kwa kanuni ya asilimia 70 mshindi wa namna hiyo aliweza kupita bila kupingwa tena. Baba alikuwa mwalimu. Muhula uliofuata alihamishwa akapelekwa mbali. Baraza la Makanisa lilikuwa limeonya tangu 1986 kwamba kura ya kusimama hadharani humweka mtu uchi mbele ya wenye nguvu. Halikusikilizwa kwa wakati.

Basi sisemi kwamba kujipanga hadharani ni jambo jema kwa sababu tu linafanyika Minnesota. Hata kule, mfanyakazi anaweza kusimama pembe moja na bosi wake akasimama nyingine, na mke akaogopa kumwacha mumewe pembe ya pili. Lakini binamu yangu alikuwa amegusa kiini. Dhuluma ya 1988 haikutokana na miguu ya waliosimama. Ilitokana na kwamba aliyehesabu hakuwa mmoja wao, na kwamba alikuwa na uwezo wa kuwahamisha.

Tena kokasi zina dosari nyingine, na sitazificha. Zinampendelea mwenye jioni huru na asiye na watoto wa kulaza. Zinamtisha asiyejiamini kwa Kiingereza. Mwaka 2014, katika mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis, wenye Wasomali wengi, kokasi ilivurugika kwa ngumi na ikaahirishwa. Wapo waliosema kwamba wahamiaji hawajaiva kwa siasa. Lakini ugomvi ule ulikuwa wa watu waliojaa hadi ukumbi ukawa mdogo, na walichokigombea ni kiti ambacho Phyllis Kahn alikuwa amekikalia tangu 1973. Miaka miwili baadaye Ilhan Omar, aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi hapa Kenya, aliingia katika kinyang'anyiro hicho hicho. Mkutano wa wilaya ulimalizika bila yeyote kufikia asilimia 60. Agosti 2016 akamshinda Kahn katika kura ya mchujo, na Novemba akachaguliwa kuingia bungeni. Uidhinisho ukikosekana, mchujo bado uko wazi. Hata hivyo, anayekwenda kwenye mchujo akiwa tayari anajulikana na wajumbe wa kila mtaa si sawa na anayekwenda akiwa na picha ukutani tu.

Kuna anayeuliza: kiti kimoja cha jimbo kina uzito gani? Uchaguzi wa 2024 uliliacha Baraza la Wawakilishi la Minnesota likiwa na wabunge 67 kila upande. Kiti kimoja, cha eneo la Shakopee, kilipatikana kwa tofauti ya kura 14, na kesi yake ikaamuliwa mahakamani Januari 2025 kabla ya mshindi kuthibitishwa. Mwaka 2023, chama cha DFL kilipokuwa na maseneta 34 dhidi ya 33, bunge liliunda bodi ya kuweka viwango vya ujira na kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Naam, kazi ile ile ya mama niliyemtaja. Juni 2025 bunge hilo, sasa Baraza lake la Wawakilishi likiwa limegawanyika nusu kwa nusu, liliwaondoa watu wazima wasio na hati za uhamiaji katika bima ya afya ya MinnesotaCare. Katika Baraza hilo kura zilikuwa 68 kwa 65. Kwa upande wa DFL humo, ni Melissa Hortman peke yake aliyeunga mkono, kwa sababu bila mapatano hayo bajeti ingekwama.

Siku tano baadaye, tarehe 14 Juni 2025, Hortman na mumewe waliuawa kwa risasi nyumbani kwao, mjini humo humo Brooklyn Park. Usiku ule ule Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi wakanusurika. Sisi tunaojua maana ya kumzika mtu kwa sababu ya siasa hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Nalitaja ili nisije nikamwambia mtu agombee kana kwamba ninamwalika karamuni. Tarehe 16 Septemba wapiga kura wa eneo lile walirudi kwenye masanduku wakamchagua Xp Lee, na kiti hakikuachwa wazi.

Sasa nawaomba wasomaji jambo moja la vitendo. Mnao watoto, dada, wajomba na wachungaji wenzenu Minnesota. Mnapozungumza nao, msiishie kwenye karo na hali ya hewa. Waulizeni kokasi ya mtaa wao hufanyika wapi. Wachungaji, mkiwaandikia wenzenu wa kule, waombeni watangaze tarehe na mahali, pasipo kumtaja mgombea wala chama. Sina chama ninachompendekezea mtu. Kila mmoja na aende kwenye kile ambacho kanuni zake anazikubali, kwa maana hilo ndilo sharti. Na asiye raia, hata awe na kibali cha ukaazi, asipige kura wala asikubali kuchaguliwa mjumbe. Aketi, asikilize, ajifunze. Raia wa kuandikishwa asiogope kwamba anaisaliti Kenya, kwani tangu Katiba ya 2010 uraia wa nchi mbili ni halali.

Na kabla hatujawacheka wa ng'ambo kwa kuacha viti vitupu, tujiulize wenyewe. Sheria yetu ya Vyama vya Siasa, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inatambua mchujo wa wajumbe waliochaguliwa na wanachama. Nani ni mjumbe wa wadi yako? Alichaguliwa siku gani, katika darasa gani? Uchaguzi ni Agosti 2027. Nimewauliza wazee watatu wa kanisa langu, waliokuwa barabarani wakati wa kudai vyama vingi, na hakuna aliyejua.

Mama wa Brooklyn Park aliniomba, kabla sijaondoka, nimwandikie ile barua ya mwajiri kwa Kiingereza cha mahakamani. Nilimwambia haihitaji hicho. Niliandika mistari mitatu: kwamba yeye ni mfanyakazi wa nyumba ile, kwamba atahudhuria kokasi ya chama chake kuanzia saa moja jioni, na kwamba anatoa taarifa hii siku 10 kabla kama sheria inavyotaka. Akaikunja akaitia ndani ya Biblia yake. Mahali pa tarehe niliacha wazi, aijaze mwenyewe.