Msimamizi wa Duka la Dawa Awe Dukani

Mkazi wa Nyacheki, hapa Bobasi katika Kaunti ya Kisii, akishikwa na homa, au mtoto wake akianza kuhara, mara nyingi hupitia kwanza kwa kemisti kabla ya kufikiria hospitali. Foleni ni fupi, na atauziwa kulingana na pesa alizo nazo. Kwa hivyo anayesimama nyuma ya kaunta ndiye daktari wa kwanza wa watu wengi wa Bobasi, na sheria inamtambua kwa uzito huo. Sheria ya Famasia na Sumu ya Kenya, Sura ya 244, imekuwapo tangu 1957. Mfamasia husomea shahada, kisha hufanya mwaka mzima wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa. Mwenzake wa diploma husoma miaka 3 katika vyuo kama Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) na kuandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Leseni huhuishwa kila mwaka, ya mtu na ya duka. Kampuni inayouza dawa nayo hudaiwa msimamizi mfamasia ambaye wakati huo hasimamii kampuni nyingine.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalokiukwa kwa njia rahisi mno: cheti kinakodishwa. Kinaning'inia ukutani, mwenyewe yuko Kisii mjini au Nairobi, na dawa zinauzwa na kijana aliyefundishwa bei tu. Hasara yake iko katika mambo madogo. Chukua dawa ya malaria ya AL (artemether-lumefantrine). Mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi, wa kilo 16 hupewa 2, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Muuzaji asiyepima uzito hubahatisha. Tena huku nyanda za juu homa nyingi si malaria, ndiyo maana mwongozo wa kitaifa unataka mgonjwa apimwe kwanza. Ni mtu mwenye elimu ya dawa atakayekataa kuuza antibiotiki vidonge vinne kwa sababu mteja ana shilingi hamsini, na atakayejua kwamba insulini iliyokaa nje ya friji kwenye joto kwa muda mrefu haiaminiki tena. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Usugu huo huchochewa pia na dozi zisizomalizwa.

Wapo wanaosema kwamba wafamasia ni wachache na hawataki kukaa vijijini, kwamba ukikaza sheria maduka yatafungwa na mgonjwa atakosa hata panadoli. Hoja hii ina uzito, lakini inamsahau mtaalamu wa diploma, ambaye sheria inamruhusu kuendesha duka na ambaye vyuo vyetu vinamtoa kila mwaka. Tanzania nayo ilikabili uhaba huo huo bila kufumba macho: mwaka 2003 ilianza mkoani Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambapo wauzaji walipewa mafunzo, wakakaguliwa na kuwekewa orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza. Uhaba ulijibiwa kwa kuwafunza waliopo na kuwawekea mipaka. Kuhusu gharama, ni kweli mshahara wa mtaalamu utaongeza bei kidogo, ila anayenunua dawa isiyomfaa huilipia mara mbili, kisha hulipa nauli ya kwenda hospitali.

Ninachoomba ni kidogo. Bodi ikague kama mwenye cheti yupo, si kama cheti kipo. Jina lake, picha yake na saa zake za kazi zibandikwe mlangoni, na asipokuwapo, dawa zinazohitaji maagizo ya daktari zisiuzwe. Nawe msomaji, kabla ya kutoa pesa kwenye kaunta, uliza msimamizi ni nani na yuko wapi. Ukiambiwa ametoka na hajulikani atarudi lini, nenda duka jingine.