MALEZI YA WATOTO: Mtoto Arudipo Nasari na Uvimbe

Kila Januari shule zifunguliwapo, njia za vijijini hujaa watoto wa miaka minne waliovaa sweta kubwa kuliko miili yao, maana mama amenunua ya kutosha miaka miwili. Majuma ya kwanza mtoto hulia anapoachwa mlangoni mwa nasari. Kisha kilio hukoma, na wasiwasi huhama kwa mtoto ukaingia kwa wazazi. Leo goti limechubuka. Kesho pana alama ya meno mkononi. Kesho kutwa pana uvimbe katika paji la uso, na mtoto akiulizwa habari zake hujibu neno moja tu, “Nimeanguka,” kisha akaomba chakula.

Katika kijiji kimoja cha milimani, ambacho hapana haja ya kukitaja jina, mama mmoja alikuwa akimwogesha mwanawe jioni alipogusa uvimbe juu ya jicho la kushoto. Mtoto aliruka kwa maumivu. Mama alimwuliza, akamwuliza na dada yake mkubwa, asipate jibu la maana. Usiku mtoto akatapika mara mbili. Baba yake, ambaye ni karani mjini na hurudi nyumbani mwisho wa juma tu, alipigiwa simu saa tisa za usiku, akasema mtoto apelekwe hospitali bila kungoja kupambazuke. Wakamchukua kwa pikipiki.

Mganga aliyewapokea aliuliza maswali machache tu. Mtoto ameanguka saa ngapi? Alianguka kutoka juu ya kitu, au alijikwaa akiwa chini? Alilia mara moja, au alinyamaza kwanza kama aliyezimia? Baada ya hapo alicheza kama kawaida, au alitaka kulala? Mama yule hakuweza kujibu hata moja. Mtoto akazuiliwa hospitalini mchana kutwa apate kuangaliwa, na jioni akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa mzima.

Asubuhi iliyofuata mama alifika nasari mapema kuliko wengine wote, lakini hakusema mpaka wazazi wengi walipokwisha kukusanyika mlangoni. Maneno aliyosema hayafai kuchapishwa. Mwalimu, ambaye ni mwanamke kijana, alijibu neno moja tu: “Mama, sikuona.”

Walakini alikuwa ameona. Baadaye, mbele ya halmashauri ya wazazi, alikiri ya kuwa alimkuta mtoto ameketi chini karibu na ngazi akilia, akamfuta vumbi, akampa uji, na hakumwambia mtu. Alipoulizwa kwa nini alificha, alisema ya kwamba mwaka uliotangulia alimpelekea mzazi mwingine habari ya goti lililochubuka, akatukanwa mbele ya watoto wake mwenyewe. Tangu siku ile alijifunza kunyamaza.

Jambo hili lastahili kufikiriwa na kila mzazi mwenye ulimi mkali. Mwalimu anayeogopa matusi hataacha watoto waanguke, maana hana uwezo huo. Ataacha kusema tu. Na habari ya kichwa kilichogongwa ikifichwa, mganga hutibu kama mtu anayetembea gizani. Mwalimu naye hana udhuru. Goti laweza kungoja jioni, kichwa hakingoji. Kwa kichwa mzazi apigiwe simu saa ile ile, hata akiwa mkali kama pilipili.

Yafaa kufahamu kwanza kwa nini watoto wa umri huu huanguka mno. Kichwa cha mtoto wa miaka mitatu au minne ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na miguu bado haijapata utulivu. Basi akijikwaa, kichwa ndicho hutangulia. Tena hajui kupima umbali wala kimo, na akiona mwenzake ameruka kutoka juu ya jiwe, naye huruka. Mtoto asiyepata hata mchubuko mmoja mwaka mzima pengine amekalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi mchana akiimba herufi, na hiyo nayo ni hasara. Kwa hiyo mzazi mwenye busara hadai mtoto wake asianguke kabisa. Hudai kwamba akianguka pawepo mtu wa kumwona, anayejua la kufanya, na atakayesema kweli.

La kufanya kwa majeraha madogo si elimu ya juu. Mchubuko huoshwa kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi. Damu ikitoka, jeraha hubanwa kwa kitambaa safi bila kufunua-funua kila mara kutazama. Pua ikitoka damu, mtoto huketi na kuinamisha kichwa mbele, si nyuma kama wengi wafanyavyo, na sehemu laini ya pua hubanwa kwa muda wa dakika 10. Akiungua kwa uji, mahali pale humwagiwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Siagi, dawa ya meno, unga na mafuta visiguse ngozi ile, maana huzuia joto lisitoke na huchafua kidonda. Meno ya mwenzake yakipasua ngozi, paoshwe kama jeraha lo lote. Lakini meno ya mbwa ni habari nyingine: paoshwe kwa sabuni na maji dakika 15 nzima, na mtoto apelekwe hospitali siku ile ile kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa jirani na anajulikana kwa upole.

Kuhusu kichwa, dalili za kuogopesha ni hizi: kutapika zaidi ya mara moja, usingizi usio wa kawaida au kushindwa kuamka vizuri, kuchanganyikiwa, degedege, mboni za macho zisizolingana, na damu au maji meupe yatokayo sikioni au puani. Ikionekana moja tu, safari ni ya hospitali. Isipoonekana, mtoto huangaliwa kwa siku moja au mbili, na kumwacha alale usiku si kosa, mradi mtu amtazame mara kwa mara kama anaamshika. Mzazi asisahau pia kukichukua kitabu cha kliniki, kwa kuwa humo mganga huona kama mtoto alipata chanjo zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo pamoja na mambo mengine humkinga na pepopunda.

Tena pana alama ambazo si za kuanguka. Magoti, viwiko na paji la uso ndipo mtoto huumia akicheza. Mistari ya fimbo nyuma ya miguu, alama za vidole shavuni, au sikio lililovutwa hata likavimba, hayo hayakuletwa na mzizi wa mti. Wako wazazi wa zamani wanaosema kwamba wao walichapwa na hawakufa. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2010 inamlinda kila mtoto na namna zote za ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi. Mzazi aonapo alama kama hizo amwone mwalimu mkuu na afisa wa watoto, au apige simu namba 116, ambayo haitozwi malipo.

Sasa turudi mlangoni mwa nasari ile, maana halmashauri ya wazazi ilipokutana Jumamosi ilitaka kwanza kumfukuza mwalimu. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa, aliomba wasimame kidogo wakaangalie mahali penyewe. Wakaenda wote. Waliona ngazi tatu za saruji zisizo na kishikio, na mzizi wa mgrevilia uliotokeza katikati ya uwanja. Waliona jiko la mafiga matatu nyuma ya darasa, upande ambao mtu akiinama kukoroga uji hawezi kuuona uwanja hata kidogo. Waliona lango ambalo hufungwa kwa kamba. Mzee akauliza, watoto ni wangapi? Wakahesabu katika daftari: 47. Walimu ni wangapi? Mmoja. Na uji hupikwa na nani? Na huyo huyo.

Hapo kukawa kimya. Karani, baba wa mtoto aliyeumia, ndiye aliyefungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano, akasoma kwa sauti ya kwamba mwaka uliopita mwalimu aliomba aajiriwe msaidizi, na wazazi wakakataa kwa kauli moja kwa kuwa mchango wa shilingi 100 kwa mwezi kwa kila mtoto ulionekana kuwa mzigo. Sahihi yake mwenyewe ilikuwamo chini ya ukurasa.

Si nasari hii peke yake iliyo hivyo. Katika vijiji vilivyoanzishwa kwa amri kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari, mama walilazimishwa kwenda kuchimba mitaro na matuta, na watoto wakaachwa pamoja chini ya uangalizi wa wachache. Baada ya Uhuru wa 1963 wazazi wenyewe walijenga nasari nyingi kwa harambee, kila mtu na mabati yake. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti zimeajiri walimu na kujenga madarasa. Lakini desturi ya zamani imeshika mizizi: fedha huja upesi kwa ajili ya ukuta na bati, maana hivyo huonekana, bali mtu wa kusimama uwanjani na kutazama watoto tu, bila kufanya lo lote lingine, huonekana kama mvivu anayelipwa bure. Ajabu ni kwamba hakuna mkulima atakayemwachia kijana mmoja mbuzi 47 kando ya shamba la jirani na kumwamuru apike chakula wakati ule ule.

Mwalimu hakufukuzwa. Alionywa kwa maandishi kwa sababu ya kuficha, na akakubali. Fundi mmoja kati ya wazazi alijitolea kutia kishikio kwenye ngazi. Mzizi ulikatwa siku ile ile, ingawa mwingine mdogo ulibaki upande wa choo, kwa kuwa watu walichoka. Jiko lilihamishwa hadi pembeni mwa uwanja, likazungushiwa uzio wa fito. Kuhusu mchango, mabishano yalichukua saa mbili. Waliokosa fedha waliruhusiwa kulipa kwa mahindi au kwa zamu: mama mmoja kila asubuhi, tangu saa tatu hadi saa tano, ndio wakati wa uji na mchezo, wakati ambao watoto huumia zaidi. Mama yule aliyepiga kelele mlangoni aliandikwa Jumanne.

Daftari jipya pia lilinunuliwa, la kurasa 96, likatundikwa kwa uzi kando ya mlango pamoja na kalamu, na chini yake likawekwa sanduku lenye sabuni, bendeji, makasi na vitambaa safi. Kila anayeumia huandikwa humo saa ile ile, na mzazi hutia sahihi anapomchukua mtoto. Katika ukurasa wa kwanza mwalimu ameandika: “Saa nne na robo. Amejikwaa kwenye mzizi karibu na choo. Amelia mara moja. Goti la kulia. Ameoshwa kwa maji na sabuni. Mama wa zamu ameona.” Siku ile ilikuwa Jumanne, na sahihi mbili zilizo chini, ya mzazi na ya mama wa zamu, ni za mkono mmoja.