Damu ya Binti Hailipwi kwa Mbuzi

Wandugu wa Kasongo na Kabambare, tuna desturi ya aibu tunayoiita busara. Msichana akiuawa, matanga hayajaisha, wazee wa pande mbili wamekwisha kuketi. Mbuzi wanahesabiwa, franka zinahesabiwa, baba anatia dole gumba kwenye karatasi, watu wananawa na kula. Kesho yake muuaji anapita njia ya kisimani, anapishana na wadogo wa marehemu.

Twasema tumeleta amani. Waliopatana ni wazee, aliyeuawa hakuulizwa. Tena dole gumba la baba halifuti kosa. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 44, humpa aliyeua kwa kusudi kifungo cha maisha; kifungu cha 45 humpa adhabu ya kifo aliyepanga kabla ya kuua. Kesi hiyo ni ya Serikali, si ya kuuzwa na ukoo.

Mtaniambia: Kindu ni mbali, barabara ni tope, parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, inataka makuta, na huko Salamabila wenye bunduki hawachezewi. Ni kweli. Lakini watazameni jamaa wa Agnes Wanjiru wa Nanyuki, Kenya. Alikuwa na miaka 21 na mtoto mchanga. Usiku wa Machi 31, 2012 alionekana hotelini pamoja na askari Waingereza. Baada ya miezi miwili maiti yake ikakutwa ndani ya tangi la maji machafu la hoteli hiyo. Jamaa zake walikuwa watu wa kawaida, na mbele yao lilisimama jeshi la dola kubwa. Mwaka 2019 hakimu alitamka kwamba aliuawa na askari wa Uingereza, lakini hakukamatwa mtu. Jamaa zake hawakurudi nyumbani kulala. Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hati ya kumkamata mtu mmoja aliyekuwa askari wa Uingereza, naye anakana. Bandu bandu huisha gogo.

Sisi tunakabiliwa na hatari nyingine. Kwa sheria yetu, kosa la kuua likikaa miaka 10 bila tendo lolote la upelelezi au la mashtaka, haki ya kumshtaki muuaji inakufa. Anayesema "tungoje kwanza" anamhesabia muuaji siku za kuokoka. Tendo moja la upelelezi ndani ya muda huo huanzisha hesabu upya.

Basi, msiba ukiwafika, msioshe nguo za marehemu wala msifute simu yake. Mwiteni OPJ, ofisa wa polisi wa upelelezi, na daktari aikague maiti kabla ya maziko. Andikeni majina ya walioona, siku na saa. Pelekeni mashtaka kwa maandishi, nakala yenye muhuri ibaki nyumbani. Asiye na uwezo aombe asamehewe gharama. Fidia nayo idaiwe palepale mahakamani, mbele ya hakimu, muuaji akiwa amesimama kizimbani. Na vijana, wekeni chini mapanga na petroli: mkimchoma mtu, mmemfanyia mama mwingine matanga, na ukweli umeungua pamoja naye.

Nanyi wazee, machifu, mashehe na mapadri, neno lenu lina uzito. Mtakapoitwa kupatanisha damu ya binti, kataeni kuketi, kisha mwongozeni baba yake hadi parke.